Obdulia na Vigae vya Don Anselmo

Kila mwaka kabla ya Pasaka nyumba zote za Valdejara hupakwa chokaa, na kwa muda mrefu mikono iliyozipaka ilikuwa ya Obdulia Carrasco. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi wa kupanda ngazi, na mwoga. Hilo la uoga halikuwa siri ya mtu. Upepo ukibamiza mlango, Obdulia alishika kifua. Gari likisimama mtaani naye yuko juu ya ngazi, brashi ilibaki hewani mpaka gari liondoke. Vijana walimcheka. Waliomjua zamani hawakumcheka, kwa sababu walijua uoga ule ulianza lini.

Hakuzaliwa nao. Usichanani mwake alikuwa na kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya bonde, na kicheko hicho ndicho kilichomnasa Leandro, fundi mwashi aliyekuja kuziba paa la jirani akakaa juu yake siku nzima kwa kazi ya saa moja. Walioana wakati wa Jamhuri, nchi ilipokuwa imemfukuza mfalme, mwaka ambao Don Anselmo Berrocal alirudi kugombea ubunge.

Huyu Don Anselmo alikuwa mtoto wa hapahapa, mwana wa mkamuaji mafuta ya zeituni. Alikwenda Madrid kusomea sheria akarudi na mashairi. Mrefu, mkavu, koo lake likipanda na kushuka kila aliposema, naye alisema sana. Wanaume walimpenda kwa ajili ya mashamba aliyowaahidi. Wanawake walimpenda kwa jambo jingine. Asubuhi moja ya Januari aliteremka mtoni akawakuta wamepiga magoti juu ya mawe, wanafua kwa maji yaliyokaribia kuganda. Akawauliza kama magoti yanauma.

Brígida, jirani yake Obdulia, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata kufuli, alimtupia suruali iliyolowa.

"Hebu piga magoti hapa uifue hii ya mume wangu, Don Anselmo, halafu ututungie shairi."

Wanawake waliangua kicheko. Don Anselmo akavua koti, akapiga magoti, akafua. Alifua vibaya mno, Brígida akalazimika kuirudia. Lakini alipoinuka alikuwa ameshika kiuno na hakusema neno, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida.

Alipopata ubunge, kitu cha kwanza alichopigania kilikuwa banda la kufulia: paa la vigae, maji yaliyovutwa kutoka chemchemi, na makaro yaliyojengwa juu, usawa wa tumbo, mwanamke afue akiwa amesimama. Leandro ndiye aliyelijenga. Ukutani, mkabala na mlango, alibandika vigae vyeupe vyenye maandishi ya samawati, maneno ya Don Anselmo mwenyewe na jina lake chini:

*Simameni, kina mama.
Zamu hii maji ndiyo yapige magoti.*

Siku ya ufunguzi Don Anselmo alihutubia mpaka padri akasinzia. Obdulia alicheka, tumbo lake likiwa limeanza kuonekana.

Kiangazi kilichofuata majeshi yalipindua serikali, na malori ya askari yakapanda kutoka kusini. Don Anselmo walimkuta kwenye kinu cha mafuta cha baba yake, hakuwa hata amejificha. Leandro walimchukua kwa sababu alikuwa fundi wake. Obdulia alisimama mlangoni na mtoto wake, Celsa, akinyonya. Leandro alisema tu, "Ingia ndani, jua kali." Lori lilipinda kwenye mizeituni, na baadaye kidogo watu waliokuwa wakichuma tini walisikia milio ya risasi. Hakuna aliyekwenda kutazama. Hakuna aliyelia kwa sauti. Na tangu siku ile kicheko cha Obdulia hakikusikika tena, si ng'ambo ya bonde tu, hata chumbani kwake.

Vuli ilipoingia alikuja sajini mpya, jina lake Quirós, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Upole ule ndio uliotisha. Alipita barabara hadi barabara akifuta kutani majina ya watu wa Jamhuri. Alipofika kwenye banda la kufulia alisoma ukuta, akasoma tena, akamwita Obdulia.

"Hapa panasemwa simameni. Nani asimame? Asimame ili afanye nini?"

"Sijui, bwana sajini. Mimi sijui kusoma." Alikuwa anajua.

"Ni mumeo aliyevibandika hivi?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi yeye alibandika, wewe utabandua. Leo nakwenda kijiji cha jirani. Nikirudi nikute ukuta mtupu, umepakwa chokaa. Nyundo hiyo hapo."

Wanawake wote walikuwa wameambiwa wasiende kufua siku hiyo. Obdulia alibaki peke yake na maji yanayotiririka. Celsa alikuwa kwa Brígida. Obdulia alikamata nyundo kwa mikono miwili, akainua, na mikono ikakataa kushuka. Kwenye ukingo wa chini, pale saruji ilipobana kigae cha mwisho, palikuwa na alama ya kidole gumba. Leandro alikuwa na tabia hiyo, kumalizia kwa kidole pale ambapo mwiko haukufika. Obdulia aliweka kidole chake ndani ya alama ile. Kaburi la mumewe hakulijua. Picha hawakuwahi kupiga. Kilichobaki cha Leandro duniani kilikuwa mtoto na kijishimo hiki.

Akaweka nyundo chini, na mara tu alipoiweka, hofu ikamvaa mwili mzima. Alikimbia nyumbani, akachukua sahani mbili za samawati alizopewa na mama mkwe siku ya harusi, akazifunga kwenye shali na kuzivunja kwa kuzikanyaga, vile vipande akavitupa mtaroni nyuma ya banda. Kisha akakoroga chokaa nzito, akaitia maziwa na chumvi ipate kushika, akaanza kupaka.

Chokaa mbichi haifichi kitu. Ukiipaka ni kama maji ya mchele. Weupe wake huja inapokauka. Obdulia alipaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na maandishi yakaendelea kumtazama kama mtu aliye nyuma ya pazia. Alipepea kwa aproni. Alipuliza kwa mdomo mpaka akaona kizunguzungu. Jua lilikuwa limeshateremka upande wa mizeituni aliposikia kwato za farasi barabarani. *Simameni* lilikuwa limetoweka, *kina mama* limetoweka, lakini *magoti* bado lilionekana, na chini yake jina la Don Anselmo.

Akafanya kilichomjia. Alimwaga ndoo nzima ya chokaa sakafuni, palepale mlangoni.

Sajini alipofika, harufu ilimchoma macho, na viatu vyake vilikuwa vipya.

"Nini hiki?"

"Nisamehe, bwana sajini. Imenimwagikia. Usikanyage, inaunguza ngozi."

Sajini alisimama kizingitini na leso puani. Alitazama ukuta huku machozi yakimtoka. "Vipande viko wapi?"

"Mtaroni, bwana."

Alizunguka nyuma, akaona vipande vya samawati majini, akarudi kwa farasi wake. Obdulia alikaa chini kwenye chokaa iliyomwagika, na miguu yake ikaungua bila yeye kuhisi. Makovu yale alikufa nayo.

Watu wengine huogopa jambo likapita, nao wakapona. Lake halikupita. Chokaa haipendi kigae kinachong'aa. Hushika kwa muda, kisha mvuke wa maji ya moto na baridi ya Januari vinaiachisha, inabanduka kama ngozi iliyochomwa na jua. Ukuta mwingine ungengoja mwaka. Ule wa banda la kufulia haukungoja mwezi. Obdulia alipita pale kila asubuhi kabla ya wanawake kufika, akiupapasa kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto, na pale palipolia utupu chini ya vidole alipaka upya. Alipoumwa kichomi alipaka na kichomi chake. Watu walisema ana wazimu wa usafi. Celsa alikua akiamini hivyohivyo, kwa sababu mama yake hakumwambia kitu. Jina la Leandro halikutajwa nyumbani. Mtoto alipouliza, aliambiwa baba alikufa kiangazi, basi.

Aliogopa kila mtu. Aliogopa padri, aliogopa mwalimu, na zaidi ya wote aliwaogopa wanawake waliofua mbele ya ukuta ule, kwa sababu mmoja akiona herufi moja na kumwambia mumewe, na mumewe akalisema baani, lori lingerudi. Halafu Celsa angeachiwa nani?

Siku aliyokuwa akiiota kwa jasho ilikuja miaka kadhaa baadaye, wakati wa njaa, mwezi wa Februari. Mvua ilikuwa inapiga kama kokoto. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye makaro, na Sajini Quirós akaingia mbio kujikinga. Alisimama katikati akikung'uta kofia, mgongo ameupa ukuta. Ndipo Obdulia aliposikia sauti ndogo ya kitu kinachoachia. Kipande kipana kama sinia kilibanduka na kuanguka kwenye dimbwi, na pale ukutani, juu ya bega la sajini, yakatokea maandishi ya samawati yanayong'aa kana kwamba yameandikwa jana: *SIMAM*.

Mikono yote ikasimama juu ya makaro.

Sajini alianza kugeuka. "Nini kimeanguka?"

*Pwaa!* Shuka lililolowa lilipita hewani, likamwagia sajini maji shingoni na kunata ukutani. Brígida alikuwa ameshalishika kwa ncha mbili, analibana kwa viganja.

"Wee mama! Una kichaa?"

"Kichaa ni mvua hii, bwana sajini. Wiki nzima kamba zangu zimelowa. Unataka nianike wapi, kwenye pua yako?"

"Ukutani ndiko kwa kuanika?"

"Shuka la mama mkwe wangu. Lianikwe popote, mradi yeye asiwe ndani yake."

Mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, kicheko kirefu kupita kiasi. Sajini naye alitabasamu, akijipangusa shingo. Mvua ilipopungua alivaa kofia. Mlangoni akasimama, akamtafuta Obdulia kwa macho.

"Obdulia. Ukuta huu unakula chokaa kuliko kanisa." Akaenda zake.

Alimaanisha nini? Alijua? Obdulia alilibeba neno lile kwa miaka, akiligeuza huku na huku, na hakupata jibu, kwa sababu Quirós alianguka akafa siku moja akicheza domino, asiseme lolote.

Sajini alipotokomea, Brígida aliachia shuka. "Lete ndoo yako, mwenzangu, kabla hajaingia mwingine."

"Brígida, nakuapia, mimi sikujua kwamba..."

"Acha hayo. Sisi tumejua tangu siku ileile."

"Nani aliwaambia?"

"Aliyetuambia ni nyundo. Tulikaa majumbani masikio wazi, tukingoja kukusikia unavunja. Hatukusikia hata pigo moja. Kijiji hiki mtu akipasua yai, tunahesabu."

Mtu angedhani moyo wake ungetulia. Haukutulia. Alihesabu vichwa vilivyokuwa kwenye makaro, akajumlisha waume zao, mama wakwe zao, watoto wao wenye midomo. Alipokuwa na siri peke yake aliogopa mtu mmoja kuijua. Sasa aliogopa kijiji kizima, mmoja mmoja, kwa majina. Na wao, ajabu, walinyamaza. Wengine walihama kwenda viwandani Barcelona, Celsa miongoni mwao, wengine walizeeka, mashine za kufulia zikaja majumbani, banda likabaki la mbwa na kivuli. Yeye akaendelea kupaka.

Yule jenerali aliyeishika nchi tangu mapinduzi yale alikufa kitandani kwake, uchaguzi ukarudi, na Valdejara ikapata meya kijana, Fermín, mwalimu mwenye ndevu na sauti ya jukwaani. Alikuwa amesoma mashairi ya Don Anselmo chuoni Sevilla na alitaka jina lake lirudi. Wazee wa kike walimnong'oneza kilichokuwa chini ya chokaa. Akaja kwa Obdulia, ambaye Celsa alikuwa amesharudi kuishi naye.

"Bibi Obdulia, wewe ni shujaa wa mji huu."

"Umekosea nyumba, mwanangu."

"Bibi, nyakati zimebadilika."

"Zilibadilika na ile mara nyingine pia. Kwa mchana mmoja." Akachungulia mtaani. "Fanyeni mtakavyo, lakini jina langu lisitajwe."

Wakausugua ukuta kwa siki mpaka vigae vikaonekana. Bendi ikapiga, msomi mmoja kutoka Sevilla akaeleza nafasi ya Don Anselmo katika ushairi wa taifa, Fermín akasoma hotuba ndefu ambayo Don Anselmo mwenyewe angeionea wivu. Waliongelea mbunge, waliongelea mshairi. Fundi hakuna aliyemwongelea. Obdulia alisikiliza kutoka nje, kitambaa kimefunga uso hadi kidevuni.

Kisha ukaja ule mwezi wa Februari, mwaka elfu moja mia tisa themanini na moja. Ilikuwa alasiri inayoelekea jioni. Obdulia na Celsa walikuwa wamekaa mezani, miguu yao karibu na jiko la makaa lililo chini ya meza, wanamenya vitunguu saumu. Redio ilikuwa inarusha kura za bungeni, jina baada ya jina, ndiyo, hapana. Ghafla zikaja kelele, amri ya ukali, na risasi. Halafu muziki wa kijeshi.

Celsa aliganda na kisu mkononi. Alipomtazama mama yake, alikuta kiti kitupu.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Shika ndoo ile ndogo. Usiwashe taa."

"Mama, ngoja kwanza tusikie..."

"Nilishasikia. Wewe ulikuwa unanyonya."

Barabarani milango ilikuwa inafungwa, komeo baada ya komeo. Obdulia alikwenda akiegemea kuta alizozipaka mwenyewe, ndoo ikimgonga goti, pumzi ikimkata. Bandani alikuta mtu amesimama mbele ya vigae, amewapa mgongo. Yule mtu aligeuka. Alikuwa Fermín, uso kama karatasi, na mkononi ana nyundo.

"Bibi Obdulia." Sauti ya jukwaani ilikuwa imepotea. "Mimi ndiye niliyesoma hotuba. Kila mtu alinisikia. Mke wangu ana mimba."

Obdulia alimtazama. Alimjua mtu yule. Alikuwa amekaa ndani ya ngozi yake miaka yote. Na kwa mara ya kwanza tangu lori lipinde kwenye mizeituni, palikuwa na mtu mbele yake anayeogopa kumshinda yeye.

"Weka nyundo chini, mwanangu."

"Wakija..."

"Wakija watakuta ukuta mweupe. Weka chini, nimekwambia. Mume wangu ndiye aliyevibandika hivi vigae. Anaitwa Leandro. Walimchukua pamoja na Don Anselmo." Celsa, nyuma yake, alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga msumari. "Baba yako, ndiyo," Obdulia alisema bila kugeuka. "Nyumbani nitakueleza. Sasa chukua brashi. Fermín, wewe ni mrefu, anzia juu. Mkono mwepesi. Na usiogope ukiona bado inaonyesha, itafunga yenyewe."

Walipaka watatu, bila taa, mpaka hapakuwa na mwanga wa kupakia.

Asubuhi redio ilisema waasi wamesalimu amri. Watu wakatoka, wakanunua mkate, wakakumbatiana, na wakakuta vigae vya Don Anselmo vimetoweka. Fermín alikuwa tayari yuko pale na siki, anasugua, macho mekundu. Brígida, aliyetembelea mkongojo sasa, alimsimamia kichwani.

"Meya wangu, jana siasa zako zilikuwa nyekundu, leo nakuona mweupe mpaka kwenye ndevu!"

Fermín angeweza kusema ni kazi ya mwanamke mzee aliyechanganyikiwa. Wengi wangemwamini. Akasimama wima, siki ikimchuruzika viwiko. "Niliogopa," alisema mbele ya wote. "Nilikuja na nyundo. Bibi Obdulia ndiye aliyeniokoa nisivunje." Akamtazama Obdulia, akiomba radhi kwa kumtaja. Obdulia alikuwa ameshaegemea nguzo, amevuta kitambaa usoni.

Brígida hakuwa na neno, jambo ambalo kijiji kililizungumzia wiki nzima. Alikaa ukingoni mwa karo, akachovya kitambaa kwenye siki, akaanza kusugua na yeye.

Hofu haikumtoka Obdulia. Celsa anasimulia kwamba walipozungumza kuhusu Leandro, na walizungumza sana tangu siku ile, mama yake alifunga kwanza dirisha. Alieleza Leandro alivyokula, alivyokoroma, alivyokaa juu ya paa kutwa nzima, na kila alipofika mahali pa kucheka alisikiliza kwanza barabarani.

Mwaka uliofuata kijiji kilikusanyika tena bandani kumkumbuka Don Anselmo. Safari hii Obdulia alikubali kuingia ndani. Fermín alisoma hotuba fupi, akamtaja mbunge, kisha akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Na Leandro, fundi mwashi." Mabega ya Obdulia yalipanda hadi masikioni, akageuka mlangoni haraka kuona ni nani anaingia.

Aliyekuwa anaingia ni mke wa Fermín, amechelewa, amembeba mtoto anayelia kwa nguvu zote. Obdulia akasogea kwenye benchi, akawapisha wakae.